Mwanangu haendi msikitini kama baba yake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Ujiji. Marehemu mume wangu hakuikosa Alfajiri msikitini, hata akitoka ziwani amelowa. Mwanangu ana miaka 23, anavua dagaa usiku, akirudi analala hadi Adhuhuri. Ijumaa mpaka nimsukume. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole. Nimesoma barua yako mara mbili.

Mimi nilikulia Tabora. Baba alitugongea mlango kwa bakora kabla ya adhana, na sote tuliswali. Kaka zangu wawili walipohama nyumbani, waliacha. Walikuwa wamezoea bakora tu. Hadi leo naumia nikikumbuka, kwani baba aliwapenda mno.

Usiseme vijana wote wamepotea. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2018 walilinganisha ushikaji dini wa vijana na wa wazee katika nchi zaidi ya 100. Kwetu Afrika pengo lilikuwa dogo kuliko Ulaya au Marekani.

Sasa mwanao. Siku za giza yuko ziwani usiku kucha, mwili umechoka. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Subiri siku hizo. Usimsukume. Mwombe mkae baada ya Isha mumsomee baba yake Yasini, na umsimulie jinsi mzee alivyokuwa akirudi amelowa.

Halafu muulize: Alfajiri ikiwakuta majini, huwa mnaswalije? Katika barua yako sikuona kama umewahi kumuuliza. Huenda anaswali humo mtumbwini, mama yake hajui.