Jibu: Mteja anataka kuongeza ghorofa mbili, nisaini?

Mkuu, usisaini michoro kwanza. Umesema nyumba ilichorwa ya ghorofa moja, mteja anataka mbili zaidi, na fundi wake anasema "nguzo ni nene, zitabeba." Unene hauonyeshi nondo ngapi zimo ndani, wala kitako, yaani msingi mpana ulio chini ya nguzo, kimelala kwenye udongo gani. Chimbeni pembeni mwa nguzo mbili tatu mpime vitako, mtoboe vipande vya zege vikapondwe maabara, kisha upige hesabu upya kuanzia paa mpaka udongo. Gharama hiyo ataipigia kelele. Mwache apige.

Lile jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lililoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu zaidi ya 30, liliripotiwa kuwa na kibali cha ghorofa 10 likafika 16.

Hesabu zikigoma, nguzo zinaweza kuvishwa zege na nondo mpya, ila kama kitako nacho hakitoshi, bila kukipanua hapo umepamba tu. Na akitafuta mwingine wa kumsainia, andika barua ya kujitoa, nakala halmashauri. Mimi nimeshapoteza kazi mbili kwa njia hiyo, na mwezi ule kodi ya nyumba nilikopa.