Namba sita wako mtazame mpira ukiwa kwa wengine

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una timu ya vijana wa mtaani, kiungo mkabaji wako, yaani namba sita, ana miaka 17, na kamati imegawanyika. Nusu wanasema ndiye roho ya timu. Nusu wanataka akae benchi kwa sababu hafungi, hapigi chenga, na kila akipata mpira anaurudisha nyuma. Unataka kujua umpime vipi ili ukikaa nao uwe na la kusema. Nimecheza namba sita mchangani hapa Tanga miaka tisa, na huu ni mwaka wa saba niko na vijana uwanjani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, acha kuufuata mpira kwa macho. Najua ni vigumu. Mechi ijayo mwachie msaidizi wako kazi ya kupiga kelele, wewe simama usawa wa mstari wa kati, umtazame huyo dogo peke yake kwa dakika 20, hata mpira ukiwa kona ya mbali kabisa. Chukua daftari. Mimi huwa naandika mambo mawili tu: ametazama nyuma yake mara ngapi kabla mpira haujamfikia, na timu ilipopoteza mpira yeye alikuwa amesimama wapi.

Hilo la kwanza ndilo linalonambia zaidi kuliko yote. Nilikuwa na kijana mmoja, mwembamba, miguu mirefu, mbio hana. Mpira ukiwa kwa beki wa kulia, anageuza shingo, anatazama kushoto, anarudi. Beki akijiandaa kupiga, anageuza tena. Mpira unapomfika, mwili umeshafunguka nusu, mguu wa kushoto uko tayari, anaugusa mara moja tu na unakwenda kwa winga wa upande wa pili. Pale nje hakuna aliyepiga makofi. Makofi yalikuja winga alipomlamba beki chenga. Lakini yule winga alikutana na beki mmoja badala ya wawili kwa sababu dogo alishajua, sekunde mbili kabla, kwamba upande ule uko wazi.

Sasa hizo pasi za nyuma zinazoikera kamati yako. Zipo za aina mbili, na ukiwa jukwaani zinafanana kabisa. Kuna ya kijana aliyetazama, akaona mbele kumefungwa, akamrudishia beki haraka ili wale wanaomkimbilia wavutike juu, na nyuma yao nafasi ibaki. Na kuna ya kijana ambaye hakutazama, ameshtukia mtu yuko mgongoni, akaona salama yake ni kumtupia beki. Ya kwanza inampa beki muda. Ya pili inampelekea beki mpira pamoja na presha yake. Ukitaka kujua wako anapiga ipi, mwangalie beki baada ya kupokea: ameinua kichwa, au amebutua?

Kwenye kukaba watu wengi wanahesabu takolingi, yaani mara ngapi mtu ameteleza chini kumpora mpinzani mpira. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, na nilijisifia mwenyewe nilipomaliza mechi kaptula nzima ikiwa vumbi. Baadaye nikaelewa kwamba kiungo anayelala chini mara kumi, mara nyingi amechelewa mara kumi. Aliyesimama mahali sahihi, ile pasi ya kwenda kwa namba kumi wa wapinzani, yule kiungo mshambuliaji wao, haipigwi kabisa, na pasi ambayo haikupigwa hakuna anayeiandika. Wapo waliojengwa kwa kupora, nakubali. Kiungo Mfaransa N'Golo Kanté alichukua ubingwa wa England na Leicester 2016, mwaka uliofuata akauchukua tena na Chelsea, na kupora ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini miguu ile na mapafu yale hayapatikani kila mtaa, usimpime kijana wako kwa Kanté.

Kuhusu udhaifu, nataka nikae kidogo kwa Victor Wanyama, namba sita wa Kenya, maana wengi humu tulimfuatilia tangu Celtic ya Scotland. Nguvu zake zilikuwa wazi: mwili, mipira ya juu, kufika kwenye mipira ya pili, ile inayodunda baada ya watu kugombania, kabla ya wenzake. Novemba 2012 Celtic waliwafunga Barcelona 2-1, na bao la kwanza ni yeye, kichwa kutoka kona. Kocha Pochettino alimfundisha Southampton ya England, na alipokuwa Tottenham akamfuata tena 2016. Msimu wa 2016/17 Wanyama alicheza mechi 36 za ligi, Tottenham wakamaliza wa pili na pointi 86.

Je, Wanyama alikuwa mtu wa kugeuka na mpira katikati ya watu watatu na kupenyeza pasi? Kwa macho yangu, hapana. Huo ulikuwa udhaifu wake hata mwaka ule. Haukuonekana kwa sababu pembeni yake mara nyingi alikuwepo kiungo mwenzake Mousa Dembélé, ambaye hata umsukume vipi mpira hautoki mguuni. Wanyama anapora, anampa Dembélé hatua tatu tu kutoka hapo, na Dembélé ndiye anayeutoa mpira kwenye moto. Udhaifu upo, ila umefunikwa na mtu sahihi.

Udhaifu wake wa pili ulikuwa kuchelewa. Mwanzoni mwa 2016, bado yuko Southampton, alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Norwich na tena dhidi ya West Ham. Kiungo anayeutegemea mwili wake kufika, siku mwili ukichelewa nusu hatua, anakuta mguu wa mtu mahali palipokuwa na mpira. Goti lilipomsumbua kuanzia Agosti 2017 hakurudia tena ule msimu wake wa kwanza, ingawa lile bao lake la kombora Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018 sitalisahau. Na AFCON ya 2019, akiwa nahodha wa Kenya, alikuwa upande wa pili tulipofungwa 3-2 kule Cairo baada ya Taifa Stars kuongoza mara mbili. Bado inaniuma.

Sergio Busquets, namba sita wa Hispania, alikuwa kinyume chake. Hakuwahi kuwa na mbio tangu siku ya kwanza. Alichukua Kombe la Dunia 2010 kwa sababu kichwa chake kilitangulia, kiungo mwenzake Xabi Alonso alikuwa karibu yake, na timu nzima ilikaa imebanana. Timu ikitawanyika, akaachiwa uwanja mpana wa kukimbizana na watu, hata yeye anateseka. Ndiyo maana nasema udhaifu wa namba sita usiuandike peke yake. Andika na jina la aliyecheza pembeni yake siku hiyo, na mabeki walikuwa nyuma yake kwa umbali gani.

Narudi kwa yule kijana wangu mwembamba, maana naye alikuwa na tundu lake na mimi nilichelewa kuliona. Alikuwa anageukia kushoto tu. Kila akipokea, kushoto. Mchangani watu hawakugundua msimu mzima, ila tulipofika mashindano ya mkoa kocha mmoja alimwona ndani ya robo saa, akamsogeza namba kumi wake asimame upande ule ule wa kushoto, na dogo akapoteza mipira minne kabla ya mapumziko. Mazoezini tukahangaika na mguu wa kulia miezi miwili, ikasaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni kumhamisha namba nane, kiungo wa kati mwenzake, mwenye mbio aje upande wa kushoto, ili kule anakogeukia kuwe na mtu wa kumpokea kabla hajabanwa.

Na nikuambie kosa langu, usije ukalirudia. Nusu fainali moja tulikuwa 0-0, watu wananipigia kelele kwamba namba sita hafanyi kitu, nikamtoa mapumziko, nikaingiza mshambuliaji. Tulifungwa mabao mawili, yote yakipitia pale pale, kwenye ule uwazi kati ya mabeki wa kati na viungo. Hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na mlango, kwa sababu muda wote alikuwa amesimama mlangoni. Nilimfuata kwao kesho yake nikamwomba radhi mbele ya mama yake.

Hata wakubwa haya yanawakuta. Rodri, namba sita wa Manchester City, alipoumia goti Septemba 2024, City ile ile ya kocha Guardiola ilikuja kupoteza mechi tano mfululizo za mashindano yote, Oktoba mwishoni hadi Novemba. Majeruhi walikuwepo wengine, ndiyo, lakini uliyatazama yale mashambulizi ya kushtukiza jinsi yalivyokuwa yakipita katikati bila mtu? Mwezi uleule wa Oktoba ndipo Rodri alipopewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, akiwa kwenye magongo.

Mengine ya kuangalia kwa haraka: mguu dhaifu, kadi za kijinga, pumzi baada ya dakika ya 70, na kama anaongea. Hili la kuongea usilidharau. Namba sita anawaona wote walio mbele yake. Akinyamaza, winga hatajua kwamba beki wake wa pembeni ameshapanda.

Kwa hiyo Jumamosi panga hivi: kipindi cha kwanza acheze yeye, cha pili mpumzishe, na hakikisha ni mechi ya kirafiki. Mtu mmoja wa ile nusu inayompinga mpe daftari, aandike kila mara namba kumi wa wapinzani anapopokea mpira akiwa ameelekea goli lenu. Aandike mwenyewe kwa mkono wake, vipindi vyote viwili. Halafu leta hesabu hiyo hapa, na utuambie dogo anatumia mguu gani na nani anacheza namba nane, maana hukuvitaja.