Ua lisilo na kijani linakula nini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Juzi kati tulitoka Dar na wenzangu wa kazini tukaenda kupanda milima ya Uluguru, sasa mule msituni kwenye majani yaliyooza nikaona kitu kidogo cheupe hivi, urefu kama njiti ya kiberiti, nikajua uyoga, kumbe kina ua kabisa juu! Jani la kijani hata moja hakuna. Ule ni mmea kweli? Unakula nini mule gizani? Na nikienda kuuchukua nikaupanda kwenye kopo hapa nyumbani utashika? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Uyoga hautoi ua, kwa hiyo huo ni mmea.

Mmea wa kawaida unajipikia, jua ndo moto na ile kijani, yaani klorofili, ndo sufuria. Wa kwako hauna sufuria. Sasa chini pale kwenye udongo kuna nyuzi nyembamba za kuvu (huo ndo mwili wenyewe wa uyoga, ule mwavuli wa juu ni kama tunda tu), nyuzi hizo zimeshikana na mizizi ya miti na wanafanya biashara ya haki kabisa, kuvu inauletea mti maji na madini kama fosforasi, mti unalipa sukari. Mmea wako unajiunganishia hapo katikati kama wale wanaovuta umeme kwenye waya wa jirani, kuvu inaingia kwenye mizizi yake ikidhani imepata mteja, inanyonywa yenyewe, na sukari iliyopikwa juu kabisa kwenye jua inaishia kwa huyu aliyekaa kivulini hajafanya kitu.

Zamani walidhani mimea ya namna hii inakula majani yaliyooza. Mwaka 1960 mtaalamu wa Sweden, Björkman, alidunga sukari yenye mionzi kwenye miti ya misonobari na jamaa zake, baadaye akaikuta ileile kwenye Monotropa, mimea isiyo na kijani kama huo wako, zilizoota jirani. Wizi ukaonekana!

Ila usiuchanganye na mlangamia, zile kamba za njano zinazofunika michongoma na vichaka vya ufukweni, yule anang'ata mti moja kwa moja, hapitii kwa dalali.

Na sisi tunayo mingi tu. Uluguru hukohuko kuna Afrothismia mhoroana, imepewa jina la kitaalamu 2005, halafu kuna mwingine unaitwa Kihansia, jina limetoka Kihansi hiyohiyo tunayoisikia kwa umeme na vyura.

Kuhusu kopo, hapana mwanangu, hautashika. Utabeba mmea utaacha kuvu, ukibeba kuvu utaacha mti wake, mwisho itabidi uhamishie msitu mzima Tabata. Hata mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, isipokutana na kuvu yake basi imekwisha. Kule Marekani kuna kimoja, Thismia americana, kiligunduliwa Chicago mwaka 1912, mara ya mwisho kuonekana ni 1916, mpaka leo watu wanainama kwenye nyasi wanakitafuta.

Muda mwingi inakaa chini ya udongo, inachungulia tu ikitaka kutoa maua. Kwa hiyo ukirudi tena usiguse, lala kifudifudi, weka sarafu ya shilingi mia pembeni tuone ukubwa, piga picha ututumie.