Cheti kikikataliwa, usizime ukaguzi

OpenSSL ni programu inayosimba mawasiliano ya mtandao na kukagua vyeti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kuwa tovuti ni ile inayojitaja. Inapokataa muunganisho, ombi langu la kwanza kwa mafundi wenzangu wa Dodoma ni kwamba wasiisakinishe upya na wasizime ukaguzi wa vyeti. Katika kuhudumia seva za vyama vya ushirika, zahanati na shule za mkoani hapa, nimeona kuwa kasoro huwa ndani ya programu yenyewe kwa nadra sana. Mara nyingi inaeleza kwa usahihi kwamba pande mbili hazijakubaliana juu ya jambo moja, ambalo laweza kuwa saa, jina, mnyororo wa vyeti, ufunguo au toleo la itifaki, na kazi ya fundi ni kulitambua jambo hilo kabla hajagusa faili lolote.

Chombo cha kulitambua kimo ndani ya OpenSSL. Keti kwenye mashine iliyo nje ya seva husika, kisha andika amri `openssl s_client -connect jina:443 -servername jina -showcerts`, ukiweka jina halisi la tovuti pale palipoandikwa jina. Sehemu ya `-servername` isiachwe, kwa sababu matoleo yaliyotangulia 1.1.1 hayaitumi yenyewe, na seva inayohifadhi tovuti kadhaa kwenye anwani moja inaweza kukuletea cheti cha tovuti nyingine, ukapoteza mchana mzima kuchunguza kitu kisichohusika. Mwishoni utaona namba ya matokeo ya ukaguzi. Sifuri ni salama. 9 ni cheti ambacho muda wake haujaanza. 10 ni cheti kilichokwisha muda. 20 na 21 zinaelekeza kwenye mnyororo usiokamilika au mamlaka isiyotambulika. Fahamu pia kuwa amri hii hailinganishi jina la tovuti na jina lililo ndani ya cheti mpaka uongeze `-verify_hostname` pamoja na jina hilo.

Namba 9 ikitokea kwenye cheti ambacho wengine wanakipokea bila shida, tazama saa ya mashine inayolalamika. Kompyuta ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita kila umeme unapokatika, na kwa tarehe hiyo vyeti vyote vya leo ni vya siku zijazo. Badilisha betri, washa huduma ya kulinganisha saa kama `chrony`, na uhakikishe kuwa ngome ya mtandao wa ofisi haijafunga mlango wa 123 wa UDP, ambao huduma hiyo hupitia. Tarehe zilizo ndani ya cheti huandikwa kwa saa za GMT, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo cheti kinachoisha saa 06:00 GMT kitakufa saa tatu asubuhi kwetu, wakati wanachama wameshajipanga dirishani.

Mnyororo ndio unaosumbua watu kuliko yote, na sababu yake ni kwamba unajificha. Cheti cha tovuti hakisainiwi moja kwa moja na cheti cha mzizi ambacho vifaa vinakiamini. Husainiwa na cheti cha kati, ambacho nacho kimesainiwa na mzizi. Seva inatakiwa itume cheti chake pamoja na cha kati. Isipotuma, baadhi ya vivinjari vya kompyuta hukitafuta vyenyewe kwa kufuata anwani iliyoandikwa ndani ya cheti, au hukichukua kwenye hifadhi vilivyo nayo. OpenSSL haifanyi hivyo, wala programu nyingi za simu hazifanyi hivyo.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kwa hali ya namna hiyo. Kwenye kompyuta ya karani, mjini, ukurasa ulifunguka na kufuli lilionekana, lakini wanachama wa Kongwa na Kibaigwa walipotumia programu ya simu walikataliwa, na taarifa za malipo kutoka kampuni ya fedha za mkononi zilikuwa haziingii tangu cheti kipya kiwekwe. Viongozi walikwisha kuamini kwamba mtandao wa vijijini ndio mbovu. Amri niliyoitaja ilionyesha cheti kimoja tu mahali ambapo vilipaswa kuwa viwili. Tulipoelekeza Nginx, programu inayohudumia tovuti kwenye seva, kwenye faili la `fullchain.pem` lenye vyeti vyote viwili badala ya `cert.pem` lenye cha tovuti peke yake, malipo yakaanza kuingia na programu ya simu ikafanya kazi bila kuguswa. Anayeunganisha faili hilo kwa mkono aanze na cheti cha tovuti, afuatishe cha kati. Cha mzizi hakihitajiki. Apache, programu nyingine ya aina ya Nginx, kuanzia toleo la 2.4.8 husoma mnyororo mzima kutoka kwenye faili lilelile la cheti.

Upo mkasa mwingine wa mnyororo ambao hauko upande wa seva. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi cha DST Root CA X3, ambacho vyeti vingi vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo, vilikitegemea, kiliisha muda. Mashine zenye OpenSSL 1.0.2 ziliendelea kufuata njia ya mzizi uliokufa hata pale zilipokuwa na mzizi mpya wa ISRG Root X1. Kwa mashine kama hiyo, ondoa mzizi wa zamani kwenye hifadhi ya vyeti vinavyoaminika, kisha panga kuihamisha, kwa kuwa matengenezo ya kawaida ya toleo la 1.0.2 yalikoma mwishoni mwa 2019, na ya 1.1.1 yakafuata Septemba 2023.

Seva ikigoma kuwaka na kudai kuwa ufunguo wake wa siri haulingani na cheti, toa ufunguo wa umma kutoka kila upande kwa `openssl x509 -pubkey -noout -in cheti.pem` na `openssl pkey -pubout -in ufunguo.pem`, ulinganishe. Fanya hivyo kwenye seva hiyohiyo. Nimeona funguo za siri zikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp ili mwenzako akusaidie kukagua, na jambo hilo linanihuzunisha, kwa sababu ufunguo uliotoka nje haurudi: inabidi utengenezwe mwingine na cheti cha zamani kibatilishwe.

Kuhusu matoleo ya itifaki nitasema kwa ufupi. TLS ndiyo itifaki ya kusimba mawasiliano haya; matoleo yake ya 1.0 na 1.1 yaliachwa rasmi Machi 2021, na OpenSSL 3.0 kwa mpangilio wake wa kawaida haiyakubali. Kifaa cha zamani kikikataliwa, kisasishe kifaa. Usishushe kiwango cha usalama cha seva nzima kwa ajili yake.

Sasa nirudi kwenye kuzima ukaguzi. Mtu anayeweka `-k` kwenye `curl`, amri ya kuwasiliana na tovuti, au anayeandika `verify=False` ndani ya msimbo wa Python, huona kosa limetoweka na kudhani amelitatua. Data bado inasimbwa, lakini programu haijui tena inamsimbia nani, na yeyote aliyekaa katikati ya mtandao anaweza kuonyesha cheti chake na kusoma nywila za wanachama na majibu ya wagonjwa. Ukipokea mfumo kutoka kwa fundi mwingine, tafuta maneno hayo katika msimbo wote kabla ya kuukubali.

Panga pia uhuishaji wa vyeti, maana vipindi vinafupishwa. Cheti cha umma kinachotolewa kuanzia 15 Machi 2026 hakiruhusiwi kuzidi siku 200, na kufikia Machi 2029 kikomo kitakuwa siku 47. Anayetegemea kumbukumbu yake hataweza kwenda na ratiba hiyo. Certbot, programu ya kuomba vyeti vya Let's Encrypt, huhuisha yenyewe, ila Nginx huendelea kushika kumbukumbu ya cheti cha zamani mpaka iamriwe kupakia upya, hivyo weka amri hiyo kwenye `--deploy-hook`, chaguo la Certbot linaloendesha amri kila cheti kinapohuishwa. Baada ya uhuishaji wa kwanza, soma tarehe ya mwisho kwa `openssl s_client` ukiwa nje ya seva, kisha isome ndani ya faili kwa `openssl x509 -noout -enddate`. Tarehe mbili zikitofautiana, faili limebadilika lakini huduma bado haijalipakia.