Bia za jana usiku, safari ya leo asubuhi

SWALI: Wakili, habari yako. Krismasi iliyopita nilianza kunywa saa nne usiku, bia tano kubwa, kisha nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi nikaoga maji baridi, nikanywa chai ya rangi, tukaanza safari ya Kakamega. Mke wangu ana leseni, ila safari ndefu nimezoea kuendesha mwenyewe. Njiani tukasimamishwa. Askari akasema nanuka pombe, akaitisha kitu kidogo. Nikatoa elfu mbili. Mwaka huu nijue haki zangu ni zipi. Tena si mahakama ilishafuta alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi? – Baba wa wawili, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, kilichonishtua si zile elfu mbili. Ni hiyo saa kumi na mbili. Chupa ya nusu lita yenye pombe asilimia 4 ina gramu kama 16 za pombe, na ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani chupa moja, karibu saa mbili. Hesabu tano kuanzia saa nne usiku: damu yako ilikuwa haijatakata hadi kama saa mbili asubuhi. Maji baridi yalikutoa usingizi tu, pombe haikuondoka. Na hivyo ndivyo ulivyopita Salgaa katikati ya malori, watoto wakiwa nyuma.

Alcoblow: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni za 2011 za kipimo hicho. Kosa lenyewe la kuendesha ukiwa umelewa limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, na uamuzi ule haukulifuta.

Askari mwenye sare akikupungia mkono, simama, toa leseni. Jina au namba yake ya kazi inapaswa kuonekana, isome uikumbuke. Akikukamata, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Sema kwa upole, "Afande, naomba kwanza niongee na wakili wangu." Hongo usitoe tena. Sheria ya Hongo ya 2016 humtia hatiani anayetoa kama anayepokea.

Utafikishwa kortini ndani ya saa 24, lakini zikiishia siku ya mapumziko, husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Mpwa wangu alikamatwa jioni ya tarehe 24; mimi na mamake tulikaa kwenye benchi la kituo tukiwa na blanketi lake, tukiomba dhamana ya polisi, na alitoka tarehe 26 mchana. Dhamana iombe mapema. Ukilipa pesa taslimu, dai risiti.

Na kwa kuwa mama watoto ana leseni, mkabidhi funguo tarehe 24 kabla hujafungua chupa ya kwanza, alale nazo. Asubuhi aendeshe yeye. Akiwa amechoka, ngojeni pombe ikuishe mwilini, muondoke saa sita mchana. Kakamega mtafika kabla ya giza.