Maswali Yenu Kuhusu Sheria za Mpira wa Kikapu katika Sekondari za Marekani

Kila msimu wa kikapu cha shule unapokaribia, wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani huniletea maswali, kwa kuwa wananijua kama mwamuzi anayechezesha michezo ya vijana wao. Safari hii nimeyakusanya ili niyajibu pamoja. Itafaa kwanza msomaji ajue kwamba sheria za mchezo huu katika shule za sekondari huandikwa na NFHS, yaani shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule za sekondari, lenye makao yake Indianapolis, na kwamba kila jimbo lina chama chake kinachoamua namna ya kuzitumia. NBA ina kitabu chake, vyuo vikuu vina chao, na FIBA, yaani shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambayo sheria zake ndizo zinazotumika Afrika Mashariki, ina chake pia. Malalamiko mengi ninayoyasikia ukumbini hutokana na mzazi aliyetazama NBA Jumapili, na Jumanne akataka filimbi ipulizwe vilevile.

Kijana wangu mkubwa alipokuwa akicheza, timu ikifikisha faulo saba mpinzani alipewa mtupo huru mmoja, na akifunga ndipo alipoongezewa wa pili. Sasa anacheza mdogo wake na siuoni tena utaratibu huo. Umekwenda wapi? (Mama wa wavulana wawili, Louisville)

Uliondolewa kuanzia msimu wa 2023–24, mama, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote ya miaka ya karibuni. Zamani faulo za timu zilihesabiwa kwa nusu nzima ya mchezo: kuanzia ya saba hadi ya tisa mpinzani alipata mtupo wa kwanza na kuongezewa wa pili endapo amefunga, na kuanzia ya kumi alipata miwili bila sharti. Siku hizi hesabu ni ya robo. Faulo ya tano ya timu ndani ya robo moja humpa mpinzani mitupo huru miwili, na robo inayofuata huanza na sifuri. Mkifika muda wa nyongeza, huo huchukuliwa kuwa mwendelezo wa robo ya nne, kwa hiyo hesabu haifutwi. Faulo za mchezaji binafsi nazo hazifutwi kabisa; akifikisha tano anatoka.

Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa usalama. Wajumbe wa kamati ya sheria walitazama takwimu za majeraha na kuona kwamba wachezaji huumia zaidi wanapogombea ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa kuingia. Katika utaratibu wa zamani, mtupo wa kwanza uliokosa ulizua mara moja purukushani ya viwiko na magoti chini ya ringi. Ikiwa mitupo ni miwili, wa kwanza ukikosa hakuna anayeruka, kwa hiyo nafasi moja ya kuumizana imepungua. Waliongeza pia kwamba timu iliyoanza vibaya hupata nafasi ya kujirekebisha robo inayofuata, badala ya kubeba mzigo wa faulo hadi mapumziko.

Kuna gharama yake, nami sitaificha. Kocha mwerevu akiona imebaki nusu dakika ya robo na timu yake ina faulo mbili tu, atawaambia vijana wakate kasi ya mpinzani kwa makusudi, maana anajua hakuna mitupo itakayotolewa. Hata hivyo, kwa mtu aliyekulia na kikapu cha Arusha au Mombasa mabadiliko haya hayana ugeni, kwa sababu FIBA nayo huhesabu kwa robo. Waliopata taabu ni sisi waamuzi. Msimu huo wa kwanza, katika robo ya tatu, nilimwelekeza mchezaji kwenye mstari wa mitupo kwa hesabu ya nusu nzima, na karani wa mezani, binti wa miaka kama kumi na sita, akanionyesha kwa heshima kabisa kwamba timu ilikuwa na faulo tatu tu.

Mwanangu alianguka alipokuwa akilinda, mwamuzi akaiandikia timu nzima onyo. Kosa la mmoja linakuwaje la timu? (Baba, Columbus)

Hilo ni kosa la kujifanya umechezewa faulo, na adhabu yake ilibadilishwa kuanzia msimu wa 2024–25. Kosa lenyewe lilikuwepo tangu zamani, ila adhabu ilikuwa faulo ya kiufundi kwa mchezaji: mitupo miwili na mpira kwa mpinzani, tena faulo hiyo iliingia katika zile tano zinazomtoa mchezoni. Adhabu nzito namna hiyo kwa kijana aliyejirusha sakafuni iliwafanya waamuzi wengi wajifanye hawakuona, na kwa hiyo sheria ilibaki kitabuni huku uwanjani vijana wakianguka kama maembe. Sasa tukio la kwanza ni onyo la timu, ambalo huandikwa mezani na kocha kuarifiwa. Likirudiwa na mchezaji yeyote wa timu hiyo, ni faulo ya kiufundi ya timu. Mpinzani hupata mitupo miwili na mpira, lakini faulo hiyo haihesabiwi kwa mchezaji wala kwa kocha.

Zingatia kwamba si kila anayeanguka amedanganya. Mlinzi aliyekwisha kujiweka kihalali mbele ya mshambuliaji anaruhusiwa kujigeuza au kuinama ili apunguze kishindo, na akigongwa kwelikweli ataanguka kama mtu mwingine yeyote. Tunachokitafuta ni yule anayerusha kichwa nyuma baada ya kutupa mpira ilhali hakuguswa, au anayepiga yowe na kuteleza mita mbili kwa mguso ambao haungemwamsha mtoto aliyelala. Sikuuona mchezo wa mwanao, kwa hiyo siwezi kumhukumu yeye wala mwamuzi.

Kijana wangu alifika huku akiwa na miaka kumi na sita, akiwa amekwisha kucheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nyumbani Tanzania. Kila akienda kufunga anapigiwa filimbi ya kutembea na mpira. Je, anaonewa? (Baba, Indianapolis)

Haonewi, ingawa naelewa kwa nini anahisi hivyo. Tangu mwaka 2017 FIBA humruhusu mchezaji aliye katika mwendo, anayeudaka mpira au kumaliza kuudunda huku mguu mmoja ukigusa sakafu, apige hatua mbili zaidi, na mguu uliokuwa chini wakati wa kuudaka hauhesabiwi. Wachezaji wa NBA nao wana nafasi kama hiyo. Kitabu cha sekondari hakina hatua hiyo ya bure. Ukiudaka mpira huku mguu mmoja uko chini, mguu huo ndio mhimili wako. Unaweza kuunyanyua ili utupe au upasi, lakini mpira sharti utoke mikononi kabla mguu huo haujarudi sakafuni.

Kwa hiyo kijana wako anafanya sawasawa alivyofundishwa, na mwamuzi naye anapuliza sawasawa na kitabu chake. Dawa ni mazoezi: aanze safari yake kuelekea kikapuni akiwa bado anadunda, na audake mpira hatua moja baadaye kuliko alivyozoea. Jambo la pili litakalomshangaza ni kwamba uwanja wa sekondari hauna ile nusu duara ndogo chini ya ringi ambamo, kwa sheria za FIBA, mlinzi hawezi kudai kwamba amegongwa na mshambuliaji. Huku mlinzi aliyesimama kihalali hata karibu kabisa na kikapu ana haki yake, na kijana aliyezoea kuruka kifua mbele atajikuta ndiye mwenye faulo.

Mchezaji akiuzuia mpira uliokwisha kugusa ubao, ni halali au si halali? Waamuzi wawili wamenijibu tofauti. (Kocha msaidizi wa kujitolea, Portland, Maine)

Huenda mmoja alikuwa anasoma kitabu cha zamani. Awali mwamuzi alipaswa kuamua kama mpira ulikuwa ungali unapanda au umeanza kushuka, na mpira uliopigwa ubaoni ukiwa unapanda ungeweza kuguswa kihalali. Kuanzia msimu wa 2025–26, mpira wa kufunga ukigusa ubao huhesabiwa kuwa tayari unashuka. Mlinzi akiugusa baada ya hapo, ukiwa juu ya ringi na ungali na uwezekano wa kuingia, kikapu kinahesabiwa. Mwamuzi amepunguziwa jambo moja la kukisia katika sekunde isiyotosha hata kupepesa jicho.

Mabadiliko ya msimu huohuo yaligusa pia kuupiga ubao kwa makusudi. Zamani mlinzi aliyeupiga ubao hadi ringi ikatetemeka alipewa faulo ya kiufundi, lakini mpira ukikosa kuingia kwa sababu ya mtetemo huo, mwamuzi hakuweza kutoa pointi, jambo ambalo sikuwahi kuona mantiki yake. Sasa tukio kama hilo linaweza kuhesabiwa kuwa kuingilia kikapu na pointi zikatolewa. Aliyejaribu kwa nia njema kuuzuia mpira na mkono wake ukagonga ubao kwa bahati mbaya hana kosa.

Binti yangu anavaa hijabu. Atahitaji barua? (Mama, Minneapolis)

Hahitaji. Zamani ilihitajika idhini ya chama cha jimbo, na sharti hilo limeondolewa. Kitambaa kisiwe kigumu wala chenye kukwaruza, na kifungwe vizuri kisivuke wakati wa mchezo. FIBA nayo iliruhusu vilemba na hijabu mwaka 2017.

Kwa nini huku Iowa kuna saa ya kurusha mpira, na binamu za watoto wangu katika jimbo jingine hawana? (Mzazi, Des Moines)

Kwa sababu NFHS iliruhusu bila kulazimisha. Mwaka 2021 kamati ilikubali kwamba kuanzia msimu wa 2022–23 jimbo lolote linaweza kutumia saa ya sekunde 35, yaani muda ambao timu yenye mpira inapaswa kujaribu kufunga kabla haujaisha, na Iowa ilikuwa miongoni mwa zilizoanza mapema. Minnesota ilifuata msimu wa 2023–24. Kabla ya hapo majimbo manane yalikuwa nayo kwa uamuzi wao wenyewe, California ikiwemo. Kikwazo mara nyingi ni fedha: vifaa vyenyewe, na mtu wa kukaa mezani kuiendesha kila mchezo. Mahali pasipo na saa hiyo, timu inaweza kushika mpira mpaka watazamaji wasinzie, na mwanzoni mwa 2022 mchezo mmoja wa Oklahoma ulimalizika kwa 4–2. Mimi naiunga mkono saa, ila nimechezesha katika shule ndogo za vijijini ambako kumpata hata karani wa kuandika faulo ni kazi, na siwezi kuwadharau wanaosita.

Kabla ya mchezo niliwasikia waamuzi wakiwaambia makocha kwamba mwaka huu watakuwa wakali kuhusu benchi na mikono ya walinzi. Je, kila mwamuzi hujitungia vipaumbele vyake? (Babu wa mchezaji, Lexington)

La, babu. Kila msimu NFHS, pamoja na sheria mpya, hutoa mambo ya kutiliwa mkazo, ambayo kwa kawaida ni sheria za zamani zilizoanza kulegezwa. Nidhamu ya benchi ni mgeni wa mara kwa mara katika orodha hiyo. Kocha mkuu ana eneo lake pembeni mwa uwanja, lenye urefu wa futi 28, ambamo anaruhusiwa kusimama na kuelekeza. Wasaidizi wake wanatakiwa kukaa. Akipewa faulo ya kiufundi, hata ile inayotokana na kosa la mtu wa benchi lake, anapoteza haki ya kusimama hapo kwa muda wote uliobaki.

Kuhusu mikono, kitabu kinataja waziwazi makosa manne dhidi ya mwenye mpira: kumwekea mikono miwili, kumzuia kwa kigasha kilichonyooshwa, kumwachia mkono mmoja mwilini, na kumgusagusa zaidi ya mara moja. Maneno hayo yamo kitabuni tangu msimu wa 2014–15. Faulo za namna hii zikipulizwa mapema, vijana huondoa mikono kufikia robo ya pili. Zikiachwa, mchezo hugeuka mieleka, na filimbi ya robo ya nne humwonea aliyekuwa wa kwanza kuikuta.

Nilichezesha ligi ya mkoa Kenya kwa miaka sita. Naweza kuchezesha huku? (Msomaji, Dallas)

Karibu sana. Michezo ya shule, yote kwa pamoja, ilipoteza waamuzi takriban 50,000 kati ya msimu wa 2018–19 na wa 2021–22, na lugha ya wazazi jukwaani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi na walioacha. Jiandikishe kwa chama cha waamuzi cha eneo lako, usome kitabu cha jimbo na ufanye mtihani wake. Tarajia kuanza na timu za vijana wadogo kabla ya kupewa timu kubwa za shule, haijalishi ulichokifanya nyumbani. Uzoefu wako wa FIBA utakusaidia katika kusimama, kutazama na kutulia. Utakaokusumbua ni ule wa hatua za mpira, niliokwisha kuueleza juu. Shati la mistari na filimbi utajinunulia mwenyewe.