Arubuni ya kesho usilipe. Anza na bei ya kuuza, urudi nyuma

Mkuu, hiyo arubuni unayotaka kulipa kesho asubuhi, usilipe. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa waliochelewa kuingia: jamaa anataka kununua nyumba kuukuu kwa 100 (kasema tuchukulie ni 100, tarakimu kamili anazijua mwenyewe), aikarabati kwa 20 ndani ya miezi mitatu, aiuze 150, "faida 30 mkononi". Sehemu kubwa ya pesa ni mkopo. Dalali kamwambia kuna mteja mwingine anaisubiri kwa hamu. Kuta zina madoa chini hadi usawa wa goti, kuna ufa kwenye kona ya dirisha, na sebule imepakwa rangi juzijuzi. Sebule tu. Kamalizia kwa kuuliza apake rangi gani, na soko likigoma apangishe au vipi.

Rangi! Nyumba inalia maji ukutani, mtu anauliza rangi.

Tuanze na hiyo 30, maana ndiyo itakayokumaliza. Umechukua 150, ukatoa 100 na 20, kilichobaki ukakiita faida. Hesabu ya kununua, kukarabati na kuuza haianzii kwenye bei ya muuzaji. Inaanzia mwisho, kwenye bei ambayo nyumba itauzwa ikishakamilika, halafu unarudi nyuma ukitoa gharama moja moja, na faida yako unaitoa humo humo kama gharama nyingine yoyote. Kinachobaki ndicho unachoweza kumpa muuzaji. Kama hakifiki anachotaka, hakuna biashara, hata nyumba iwe na maua mlangoni.

Hebu tuirudishe ya kwako nyuma. 150 kakutajia nani? Dalali, ambaye analipwa ukinunua na ambaye hatakuwepo siku ya kuuza. Bei zilizobandikwa kwenye matangazo ni matamanio ya wauzaji. Unachotaka ni bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa, tatu kwa uchache, ndani ya miezi sita iliyopita, eneo lile lile, ukubwa ule ule, vyumba idadi ile ile. Ya barabara ya pili yenye ghorofa haihesabiki. Ukizipata, mara nyingi utakuta ziko chini ya tangazo. Tuweke 140, na hapo nimekuhurumia.

Kuuza nako kunalipiwa: dalali, wakili, kodi ya kuhamisha umiliki, na ukarimu kidogo pale mnunuzi anapong'ang'ania umpunguzie. Weka asilimia 7 ya hiyo 140, karibu 10. Kununua nako kuna wakili, uthamini, ushuru na upekuzi wa hati: asilimia 4, yaani 4 nyingine. Hujagusa hata msumari na 14 imeshaondoka.

Sasa ile ambayo hukuiandika kabisa, gharama ya kuishikilia nyumba. Ukikopa 80 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba peke yake ni 1 kila mwezi. Ongeza bima, mlinzi, umeme wa mafundi, maji na kodi ya jengo, tuseme 0.5. Kila mwezi nyumba inakula 1.5 hata mafundi wakiwa wamelala. Umepanga miezi mitatu. Andika tisa: minne ya kazi, mitatu ya kutafuta mnunuzi, miwili ya kusubiri mkopo wa huyo mnunuzi na makaratasi. Ni 13.5.

Ukarabati nimeuweka 30 badala ya 20, nitakueleza kwa nini. Jumlisha: 100, 4, 30, 13.5 na 10. Ni 157.5. Unauza 140. Umefanya kazi miezi tisa ili umlipe mtu 17.5 akupe vumbi. Na hata ile 150 ya dalali ikitimia, bado huoni kitu.

Wanunuzi wa Marekani wana chujio lao la haraka: asilimia 70 ya bei ya baada ya ukarabati, toa gharama ya ukarabati. Kwako ni 98 toa 30, unabaki na 68. Hiyo ndiyo bei ya juu ya kumpa muuzaji. Si msahafu, riba ikiwa kubwa hata 70 ni nyingi, ila inakuonyesha umbali uliopo kati ya 68 na 100. Nimeijaribu 68 kwa gharama zile zile na mkopo wa asilimia 80 ile ile: unabakiwa na 19 hivi kabla ya kodi ya mapato. Hiyo ndiyo biashara. Ya 100 ni sadaka.

Na usidhani ni wewe tu. Zillow, kampuni kubwa ya Marekani yenye kompyuta na data za kila mtaa, ilitangaza Novemba 2021 kwamba inafunga kitengo chake cha kununua na kuuza nyumba na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi. Ilikuwa imenunua nyumba kwa bei zilizozidi ilichotarajia kuziuzia. Wao wana wataalamu wa takwimu. Wewe una dalali na kikokotoo cha simu.

Huu ujinga wa "nunua, paka rangi, uza" najua unakotoka. Unatoka kwenye zile semina za ukumbini, mtu kavaa suti inayong'aa, ubaoni kaandika tarakimu tatu na mshale wa kijani. Mstari wa gharama za mwezi wa saba, nyumba bado haijauzwa, haupo. Riba haipo. Yeye biashara yake ni viti vya ukumbini, na kila kiti kimeshalipiwa kabla hajafungua mdomo. Mwulize akuonyeshe hati ya mauzo ya nyumba moja pamoja na risiti za mafundi, uone atakavyokumbuka ana simu ya kupokea. Usiniulize mimi nimejuaje hayo.

Turudi kwenye 20 yako. Imetoka kwa fundi aliyezunguka nyumba dakika kumi mikono mfukoni, si ndiyo? Huyo kahesabu anachokiona: rangi, dari, milango, marumaru. Pesa ya nyumba kuukuu imelala pasipoonekana, ndani ya ukuta, chini ya sakafu na juu ya dari.

Hayo madoa ya usawa wa goti si mikono ya watoto. Maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vya tofali, kwa kawaida hayapiti mita moja hivi, na pale yanapokomea huacha mstari wa chumvi. Pitisha kidole, kikitoka na unga mweupe umeyapata. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Inapolia utupu imeshaachana na tofali. Kama bado unabishana na muuzaji kwamba ni mvuke wa ndani tu, kata nailoni nyeupe nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, iache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakikaa upande wa chumba, ni hewa ya ndani. Muuzaji akikataa nailoni ya siku mbili, basi kashakujibu.

Halafu toka nje uangalie udongo. Inatakiwa kuwe na kama sentimita 15 kutoka ardhini hadi tabaka la kuzuia unyevu, ule utando unaolazwa chini ya ukuta ili maji ya ardhini yasipande. Watu hurundika udongo, humwaga zege la kibaraza, hupanda maua, mpaka tabaka linafukiwa. Kama ni hilo tu, una bahati: chimba, shusha udongo, hamisha mdomo wa gata usimwage maji kwenye msingi. Kazi ya sururu. Tabu ni pale tabaka lenyewe halipo au limekatika. Hapo unabomoa lipu yote ya chini hadi mita moja, unatibu ukuta, unapiga lipu upya. Na ukuta uliolowa haukauki kwa amri ya mwenye nyumba. Makadirio yanayotumika sana ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa milimita 225 ni miezi tisa. Umeona ile miezi mitatu ilivyokufa? Na kila mwezi, 1.5.

Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta huo mbichi kama walivyofanya sebuleni, inapendeza wiki chache, kisha inatoa malengelenge na kumenyuka, kwa kawaida siku ambayo mnunuzi wako kaja na mkaguzi wake. Ndiyo maana naiogopa sebule iliyopakwa peke yake kuliko vyumba vyenye madoa. Vyumba vinasema ukweli.

Ufa wa dirisha: upime upana kwa rula. Chini ya milimita 1 ni mambo ya lipu. Hadi 5, mara nyingi unajazika na kurekebishika. Ukizidi 5, au ukiwa unapanda kama ngazi ukifuata maungio ya tofali, au mpana juu na mwembamba chini, na mlango wa karibu unagoma kufunga, mlipe mhandisi wa majengo, si fundi. Fundi atakujazia saruji na ufa utarudi, kwa sababu kinachosogea ni ardhi: bomba linalovuja na kulainisha udongo, au mti mkubwa unaonyonya maji kwenye udongo wa mfinyanzi. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa pande zote mbili na tarehe, uone kama unatembea.

Mabomba ni rahisi. Funga koki zote, soma mita ya maji, subiri saa nzima bila mtu kugusa maji. Tarakimu ikisogea, kuna uvujaji. Kisha mtu avute maji chooni wewe umesimama kwenye chemba iliyofunguliwa. Maji yakichelewa au yakija kidogo, bomba la chini limeziba au limepasuka, na juu yake kuna sakafu ambayo utaivunja. Darini panda na tochi mchana, izime kwanza: mwanga ukiona, ni tundu. Umeme mwite fundi mwenye leseni afungue boksi la swichi kuu. Nyaya kuukuu zenye mpira unaopukutika maana yake ni kusuka nyaya upya nyumba nzima, na hilo hufanywa kabla ya lipu.

Hata bila tatizo lolote, saruji ina kalenda yake. Lipu mpya iachie wiki nne hivi kabla ya rangi. Sakafu ya saruji hukauka kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ya sentimita 5 inadai siku 50 kabla ya kulaza mbao. Fundi anayekuahidi wiki mbili anakuahidi mbao zilizovimba. Na usimlipe mbele zaidi ya vifaa vya hatua ya kwanza. Lipa hatua ikiisha, zuia asilimia 10 ya mwisho mpaka kasoro zirekebishwe.

Kupangisha soko likigoma? Piga hesabu hiyo pia. Kodi ya pango ikiwa 1 kwa mwezi ni 12 kwa mwaka. Mwezi mmoja nyumba itakaa tupu, 11. Matengenezo, bima, kodi ya jengo na msimamizi vinakula 4, unabaki na 7. Riba ya ile 80 ni 12. Kila mwaka unatoa 5 mfukoni ili mpangaji aishi raha. Nyumba ya kupangisha inanunuliwa kwa hesabu ya kupangisha tangu siku ya kwanza. Iliyoshindwa kuuzika haigeuki kuwa ya kupangisha kwa sababu umechoka.

Rangi paka yoyote isiyo na kelele.

Kwa kesho: mwambie muuzaji unahitaji siku 14 za ukaguzi, na kama anataka arubuni, ikae kwa wakili na iandikwe kwamba inarudi yote ukaguzi ukionyesha tatizo la msingi, unyevu, mabomba au hati. Yule "mteja mwingine" akiwahi kuichukua kwa 100, mpongeze kwa moyo mweupe. Wewe katafute zile bei tatu za nyumba zilizouzwa kweli, uzibandike hapa pamoja na upana wa ufa, tuanze kurudi nyuma kutoka huko.